Kijiji cha Makumbusho: Nyumba Zinafundisha Nini, na Fedha Zinakwenda Wapi?

Mwaka huu ofisi yetu ya miradi imepokea maandiko kutoka sharika tatu yanayoomba msaada wa kujenga "kijiji cha utamaduni", yaani mahali pa kuwaonyesha wageni jinsi wazee wetu walivyoishi. Upande mwingine, marafiki zetu wa ng'ambo wanaotutembelea kila Julai na Agosti hutuuliza, kabla hata hawajapanda ndege, kama wataweza kuona maisha ya asili ya Kiafrika. Maombi haya mawili yanakutana mahali pamoja. Kwa hiyo tumeona vema tueleze vijiji vya namna hii ni nini, vinaendeshwaje, mgeni ajifunze nini akifika, na kamati ijiulize nini kabla ya kukata mti wa kwanza wa kujengea.

Kijiji kinachofahamika zaidi hapa nchini ni Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1966 kama sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Kipo kando ya barabara iendayo Bagamoyo, takribani kilometa 10 kutoka katikati ya jiji, na kituo cha daladala cha Makumbusho kilipata jina lake hapo. Wakati huo nchi ilikuwa changa. Mwalimu Nyerere alikuwa ameunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwishoni mwa 1962, na swali lilikuwa jinsi ya kulea taifa moja lenye makabila zaidi ya 120 bila kufuta yale ambayo kila kabila lilijua. Njia mojawapo iliyopatikana ilikuwa kujenga nyumba za jadi za sehemu mbalimbali za nchi katika kiwanja kimoja, kwa ufundi na vifaa vya kwao, pamoja na vyombo vya ndani, maghala na mazizi. Wakati ulikuwa unabana. Miaka michache baadaye, katika miaka ya 1970, mamilioni ya watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mabati yakaenea, na nyumba nyingi za aina ile hazikujengwa tena.

Mwezi wa Juni tulikwenda huko na wajumbe wa kamati za maendeleo kutoka sharika za milimani na za tambarare. Wengi wao walikuwa wamepita nje ya uzio ule mara nyingi wakielekea Mwenge, lakini hawakuwahi kuingia.

Nyumba na mahali pake

Chukua tembe la Wagogo. Ni nyumba ndefu, fupi kwa kimo, kuta zake ni za miti na udongo, na paa lake ni bapa: magogo yamelazwa, juu yake fito, kisha udongo mzito ulioshindiliwa. Mjumbe mmoja wa milimani alicheka alipoinama kuingia, akauliza kwa nini watu hawa hawakutafuta nyasi wakaezeka kama wengine. Jibu liko Dodoma. Mvua ya kule ni kati ya milimita 500 na 600 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha miezi michache tu. Nyasi ndefu za kuezekea ni haba, na zilizopo zinahitajiwa na ng'ombe. Paa la udongo halishiki moto, huhifadhi ubaridi wakati wa jua kali, na mvua ya huko hailimomonyoi upesi. Tembe hujengwa kuzunguka ua, na ng'ombe hulala ndani ya ua huo, hivyo mwizi wa mifugo hana budi kupita milangoni pa watu. Tembe hilo hilo ukilipeleka Tukuyu litakuwa tope kabla ya Pasaka.

Kule Rungwe mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu nyingi, na mianzi humea vizuri. Wanyakyusa walijenga kuta kwa mianzi na kuezeka paa lenye mwinamo mkali ili maji yateremke haraka. Msonge wa Wahaya nao ni nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, kama kikapu kikubwa kilichofunikwa, na ndani umegawanywa sehemu za watu na za mifugo. Nyumba ya Kichagga ya zamani iliweka ng'ombe ndani kwa sababu nyingine: mlimani ardhi ni finyu, hakuna malisho ya kuwatembeza, kwa hiyo ng'ombe analetewa majani na samadi yake inarudi kwenye migomba. Nyumba, ng'ombe na kihamba vilikuwa mtambo mmoja. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua kihamba ya Shimbwe Juu, Mkoa wa Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Wapo wataalamu waliokuja zamani kutufundisha kutenganisha mazao na miti. Sasa wanakuja wengine kutufundisha kuyachanganya.

Tulikaa muda mrefu zaidi mbele ya jambo dogo. Katika nyumba kadhaa kuna dari ya fito juu ya mafiga, na hapo ndipo familia ilipotunza mbegu za msimu ujao. Moshi ulikausha mahindi na kufukuza fukusi. Uliwafukuza pia wadudu wanaotafuna nyasi za paa, na ndiyo maana nyumba isiyopikiwa huoza mapema kuliko inayopikiwa. Hapo akina mama wa kamati waliingia katika mazungumzo kwa nguvu, kwa sababu wao ndio wamevuta moshi huo miaka yote na macho yao ni mashahidi. Hakuna aliyependekeza turudi huko. Lakini mama mmoja alitukumbusha kwamba usharika wake ulipopokea majiko banifu, jikoni kukawa safi, na msimu uliofuata mbegu zilizoning'inizwa palepale zililiwa na dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wengi walimwita Scania. Dumuzi hakuwapo hapa enzi za babu zetu. Aliingia nchini kutoka Amerika ya Kati na akaonekana kwanza Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970. Hata hivyo hoja ya mama yule ni ya kweli: jiko la zamani lilikuwa na kazi mbili, na mradi ulibadilisha moja bila kuuliza kuhusu ya pili. Ofisi yetu sasa inapanga majiko na vyombo vya kuhifadhia mbegu katika andiko moja. Kwa maoni yetu hilo peke yake lililipa nauli ya safari.

Yale ambayo nyumba haionyeshi

Nyumba ikisimama peke yake uwanjani haiwezi kusema yote. Kwa Wanyakyusa, kwa mfano, jambo la pekee halikuwa mianzi. Vijana wa kiume wa umri mmoja, tangu wakiwa na miaka kumi au zaidi kidogo, walijenga vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao. Waliendelea kula kwa mama zao lakini wakalala huko, wakaoa huko, na kibanda kwa kibanda pakawa kijiji kamili cha watu wa rika moja. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1930, alieleza utaratibu huo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1951. Mgeni anayetazama nyumba moja ya mianzi hawezi kuliona hilo mpaka aambiwe.

Vivyo hivyo mifongo ya Kilimanjaro. Mfereji unaweza kuuchora kwenye ubao wa maelezo, lakini kilichofanya maji yafike ni zamu, mzee wa mfongo, siku za kazi ya pamoja na faini kwa asiyetokea. Kamati zetu za maji zingefaidika sana kujifunza hilo, maana tunajua sharika ambazo bomba lilikufa kwa kukosa mtu wa kudai faini.

Na yapo yanayofichwa kwa makusudi. Mwongoza wageni atakuonyesha vyombo vya jando, mavazi, na kigoda cha bibi. Mara chache atazungumzia ukeketaji, ambao sheria ya mwaka 1998 inaukataza kwa wasichana walio chini ya miaka 18, au mjane aliyenyang'anywa shamba, au nani aliteka maji. Tunawasihi wanaotembelea waulize, kwa heshima, maswali hayo pia. Kazi ya wanawake ni swali zuri la kuanzia. Katika boma la Wamaasai nyumba hujengwa na mwanamke mwenyewe, kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe, na huitwa yake. Wageni wengi huliita boma lote manyatta, ingawa kwa Kimaasai manyatta ni kambi ya wamorani na makazi ya familia ni enkang. Ni kosa dogo, lakini linaonyesha jinsi ilivyo rahisi kupiga picha mia bila kuuliza jina la mahali.

Neno "asili" nalo linahitaji uangalifu. Shanga za kioo zinazoonekana shingoni mwa akina mama wa Kimaasai zililetwa na biashara kutoka Ulaya. Kabla ya shuka nyekundu yalikuwapo mavazi ya ngozi. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika. Migomba ilitoka Asia zamani sana. Babu zetu walikuwa watu wa kupokea, kujaribu na kubadilisha. Kwa hiyo marafiki zetu wa ng'ambo wasisikitike wakimkuta mzee wa boma ana simu ya mkononi. Anaulizia bei ya mbuzi mnadani.

Wazee wanaoondoka

Kuna mfano wa Kagera ambao tunapenda kuutaja kwenye semina. Wahaya waliyeyusha chuma kwa karne nyingi, na tanuri za kale zilizochimbuliwa huko zina umri wa kati ya miaka 1,500 na 2,000. Kazi hiyo ilikufa katika karne ya 20, chuma cha bei nafuu kilipoingia kutoka nje. Katika miaka ya 1970 mtafiti Peter Schmidt aliwakuta wazee waliokuwa wameifanya ujanani. Wakajenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la kisayansi la Marekani, yakawashangaza wengi waliodhani ufundi wa kiwango kile haukuwapo Afrika. Zaidi ya miaka arobaini imepita tangu hapo. Asingefika wakati ule, wazee wale wangezikwa na ujuzi wao, na leo tungekuwa na mavi ya chuma tu na hadithi.

Kanisa letu lina historia yake katika jambo hili, nayo ina pande mbili. Wamisionari wengi, na wazee wa kanisa baada yao, walizikataza ngoma zote kwa pamoja, nzuri na mbaya. Lakini Mchungaji Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kutumika huko kwa vipindi hadi 1938, hasa Old Moshi, aliketi na wazee akaandika. Mwaka 1926 alitoa kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga, na kati ya 1932 na 1938 majuzuu matatu ya mafundisho waliyopewa vijana. Yote ni kwa Kijerumani. Wajukuu wa waliosimulia hawawezi kusoma babu zao walisema nini, na hatujui kwa nini jambo hilo halimsumbui mtu zaidi.

Ndugu zetu Wakatoliki walikwenda mbali kuliko sisi. Bujora, karibu na Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, Padre David Clement kutoka Quebec alijenga kanisa kwa umbo la nyumba ya mtemi wa Kisukuma, na hapo hapo pakawa na makumbusho ya Wasukuma, yenye ngoma za watemi na vyombo vya waganga. Kila mwaka, majira ya sikukuu ya Ekaristi, hufanyika Bulabo, ambapo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana. Wanaokuja kutazama ni Wasukuma wenyewe, maelfu yao. Hiki ni kipimo ambacho tungependa kila kijiji cha utamaduni kipimwe nacho: wenyeji wanakuja bila kulipwa?

Fedha

Kando ya barabara za watalii za kaskazini yapo maboma ya maonyesho. Gari linasimama, dereva anashuka na kuzungumza pembeni, wageni wanaingia, wanachezewa ngoma ya kuruka, wanaonyeshwa nyumba moja, wanapelekwa kwenye meza za shanga, wanaondoka. Dakika arobaini. Katika boma mojawapo tulimuuliza mama mmoja aliyekuwa akiimba kiasi kilicholipwa mlangoni siku ile. Hakujua. Alijua tu kwamba yeye hulipwa kwa shanga anazouza, na siku hiyo hakuuza. Hatusemi maboma yote yako hivyo. Tunasema mgeni wetu aliyelipa kwa moyo mweupe aliamini amemsaidia mama huyo.

Upo utaratibu mwingine. Mwaka 1995, Shirika la Maendeleo la Uholanzi, SNV, likishirikiana na Bodi ya Utalii Tanzania, lilianza kuvisaidia vijiji vya mkoa wa Arusha kupokea wageni vyenyewe. Longido, Ng'iresi, Mulala na Mto wa Mbu ni miongoni mwa majina ya mwanzo. Hapo hakuna nyumba za kuonyesha zilizojengwa kwa ajili ya mgeni. Mgeni hutembezwa na kijana wa kijiji aliyefunzwa, anakula kwa kikundi cha akina mama, anaona shamba, mfereji, shule, mnada. Mulala walijulikana kwa kikundi cha wanawake kilichotengeneza jibini. Mto wa Mbu, ambako kilimo cha umwagiliaji kiliwavuta watu wa makabila mengi, mgeni anaweza kuona kwa mchana mmoja mchongaji wa Kimakonde na pombe ya ndizi ya Kichagga. (Wageni wa Kanisa huonja kidogo tu, kwa ajili ya utafiti.) Kilicho muhimu ni malipo yenyewe: ada ya kiongozi, gharama ya chakula na ada ya maendeleo ya kijiji hutajwa kila moja peke yake, na hiyo ya mwisho huenda kwenye kazi ya wote kama shule au josho. SNV ilipoondoka, Bodi ya Utalii iliendelea kusimamia mpango huo. Vijiji vingine vilistawi, vingine vililegea, hasa pale ambapo mtu mmoja aliufanya mradi kuwa wake.

Hata utaratibu mzuri haukingi kila kitu. Mwaka 2020, janga la korona liliposimamisha ndege, wageni waliacha kuja kwa miezi mingi, na vikundi vilivyokuwa vimeacha kilimo kwa ajili ya kuuza shanga vilipata shida kubwa. Na huko Ngorongoro, tangu 2022 familia nyingi za wafugaji zimehamia Msomera, Handeni, chini ya mpango wa Serikali ambao wengine waliupokea na wengine waliupinga hadi leo. Boma huonyeshwa kwa mgeni kana kwamba limekuwapo na litakuwapo. Wakaao ndani yake wana wasiwasi wa ardhi kama wakulima wetu.

Maandiko matatu

Turudi kwenye sharika zetu. Maandiko mawili kati ya matatu tumeyarudisha yaandikwe upya. Yote mawili yana bajeti ya nyumba sita au saba, geti, duka la vinyago na choo cha wageni, lakini hayasemi nani ataezeka upya nyasi zikioza. Huko Dar es Salaam tuliona kwa macho kwamba kazi hiyo haina mwisho. Mchwa na mvua havina likizo. Hayasemi wageni watatoka wapi kati ya Februari na Mei. Moja linapendekeza nyumba za makabila ambayo hayajawahi kukaa wilayani mwetu, kwa sababu mgeni "atapenda kuona Wamaasai". Tuliwauliza wajumbe, je, mzee wa Kimaasai aliyeko mji wa pili ameulizwa? Hakuwa ameulizwa.

Andiko la tatu ni dogo, na wafadhili wanaopenda majengo huenda wasivutiwe nalo. Linaomba nyumba moja tu ya jadi ya hapo hapo, kwenye kiwanja cha shule ya msingi kilicho jirani na kanisa, ijengwe na mafundi wawili wenye umri wa miaka sabini na zaidi pamoja na wanafunzi wa madarasa ya juu, na kila hatua iandikwe kwenye daftari: jina la mti, siku ya kuukata, namna ya kufunga kamba, nyimbo za kazi. Dari juu ya mafiga imo. Mgeni akija ataonyeshwa na wanafunzi, na ada yake itaingizwa kwenye akaunti ya kamati ya shule na kusomwa kwenye mkutano wa kijiji. Asipokuja, watoto watakuwa wamejifunza. Gharama kubwa ni posho ya mafundi, kamera na madaftari. Tumelipitisha, na tunatafuta usharika rafiki wa kulichangia. Mmoja wa mafundi hao amekuwa akiugua tangu Machi, hivyo tunaomba majibu yasingoje toleo lijalo.

Kwa kamati zinazotaka kwenda Kijiji cha Makumbusho: ofisi itaratibu safari nyingine baada ya mavuno. Kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha wageni kutoka nje, na wanafunzi hupata unafuu zaidi. Ulizeni mapema siku za ngoma, ambazo kwa kawaida huchezwa alasiri, na siku za utamaduni ambapo kabila moja huonyesha vyakula, michezo na desturi zake. Kila usharika ulete majina manne, wawili wakiwa akina mama, na mmoja awe mzee aliyewahi kujenga nyumba ya nyasi kwa mikono yake. Gari litakuwa na nafasi ya kuketi mbele kwa ajili yake.